Mkwe Aliyebaki na Mbwa Aliyekuja

Fundi Meno hakuwahi kung'oa jino la mtu hata mara moja. Watu wa mtaani walimpa jina hilo kwa sababu yeye ndiye aliyetengeneza meno ya bandia, katika chumba kidogo nyuma ya kliniki ya daktari wa meno, na hawakuona haja ya kutofautisha anayeng'oa na anayerudisha. Siku nzima alikaa kwenye stuli mbele ya meza iliyojaa vumbi jeupe la plasta, akichonga nta, akipanga jino moja baada ya jingine kwenye ufizi wa waridi, kisha akayapeleka kwenye mashine ya kung'arisha mpaka yakang'aa kuliko meno ambayo mwenyewe aliota utotoni. Ilikuwa kazi ya mtu mpole, naye alikuwa mpole. Wengine walisema amepitiliza.

Mkewe aliondoka asubuhi moja ya siku ya kazi. Hapakuwa na ugomvi. Alisimama mlangoni na sanduku la magurudumu akasema, "Nimechoka kuishi na mtu aliyenyamaza." Fundi alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Akajibu, "Sawa." Baadaye aliwaza kwamba huenda neno hilo ndilo lililofunga mlango, lakini kwa wakati ule ndilo neno pekee lililokuwa karibu na ulimi. Alimaliza mkate wake, akaosha kikombe, akaenda kazini.

Watu walingoja alie, au alewe, au amfuate mwanamke huko alikokwenda akavunje vioo. Hakufanya lolote. Mwenzake wa kazini, mtu wa maneno mengi ambaye kila mmoja alimwita Redio, alimuuliza kila Jumatatu, "Unajisikiaje, ndugu yangu?" Naye kila Jumatatu alijibu, "Salama." Hakuwa anaficha kitu. Alipojitafuta ndani alikuta pamekufa kama shavu lililochomwa sindano ya ganzi: unalishika, unajua ni lako, lakini halikujibu.

Kilichowashangaza majirani ni kingine. Mke alikuwa ameondoka, ila mama yake alibaki.

Mama mkwe alikuwa amekuja kwa binti yake miezi michache kabla, baada ya kupasuliwa nyonga, ili auguzwe. Alipewa chumba cha chini, karibu na jikoni, kwa kuwa hakuweza kupanda ngazi. Chumba alichokuwa akipanga zamani alikirudisha kwa mwenye nyumba. Binti alipoondoka nyonga ilikuwa bado haijapona, na mgonjwa hahamishwi. Kisha nyonga ikapona. Mama akaacha magongo, akabaki na fimbo moja. Yeye hakuaga, Fundi hakuuliza, na siku ziliwapita wote wawili kama watu wanaopita nje bila kupiga hodi.

Waliishi kwa adabu. Mkwe ni mtu wa heshima, na heshima ina umbali wake. Mama alipopita kwenye korido, Fundi alijibana ukutani. Kabla ya kuingia jikoni alikohoa. Jioni walikula meza moja.

"Umeshindaje, mama?"

"Salama, baba. Kazi je?"

"Inaenda."

Baada ya hapo vijiko viliongea na sahani. Hakuna aliyemtaja aliyeondoka. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye mwenye msiba zaidi, akaogopa kumtonesha.

Mambo yangeendelea hivyo kama si mkunga mstaafu. Huyu alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliyezalisha nusu ya mji na hakuacha kuwakumbusha watu jambo hilo. Fundi alikuwa amemtengenezea meno ya chini. Siku hiyo aliingia kliniki mkono ukiwa mbele ya mdomo, akaweka leso juu ya meza na kuifungua. Ndani yake mlikuwa na yale meno, matatu hayapo, na ufizi umejaa vishimo vidogo vidogo.

"Yametafunwa," alisema Fundi.

"Yametafunwa," mkunga akakubali. "Niliyaweka kwenye kiti nikapitiwa na usingizi. Naamka, nakuta kijibwa kimeyalalia kama mtu aliyepokea urithi."

Redio alicheka mpaka akalazimika kutoka nje. Fundi aliyageuza yale meno mkononi, akaangalia alama, akasema yatatengenezeka.

Jioni ile mezani kimya kilikuwa kirefu kuliko kawaida, na kwa kuwa hakuwa na la kusema, alisema hilo. "Leo wameniletea meno yaliyotafunwa na mbwa."

Mama aliweka kijiko chini. "Mbwa wa namna gani?"

"Mwenye meno anasema ni wale warefu wenye miguu mifupi. Dashundi."

"Wale kama soseji."

"Hao hao."

Mama alitazama ukuta kwa muda. Ukuta haukuwa na kitu. "Anao wengine?" aliuliza.

"Sijui, mama."

"Muulize."

Hakusema kwa nini, na Fundi hakutafuta sababu. Kwa miezi mingi hilo lilikuwa jambo la kwanza mama kumwomba, ukiacha chumvi. Mkunga alipokuja kuchukua meno yake, alimuuliza.

"Vilikuwa vitano," alisema mkunga, akiyajaribu meno kwa kusaga hewa. "Vinne vimeshaposwa. Kimebaki kimoja, tena ndicho kilichokula meno yangu. Lakini mimi sitoi mbwa kama mtu anayetoa maganda ya ndizi. Njooni niwaone kwanza."

Redio, aliyekuwa amesikia yote, alisubiri mkunga atoke. "Kwa hiyo unaleta mbwa?"

"Mtoto wa mbwa," alisema Fundi.

"Taratibu, ndugu yangu. Usimtukane kabla hajafika."

Siku ya mapumziko walikwenda. Mama alivaa gauni lake la kutokea na viatu vya kufunga, akajipaka mafuta usoni, kama mtu anayekwenda kuomba mchumba. Njiani hawakuzungumza. Nyumba ya mkunga ilikuwa na harufu ya maziwa na magazeti yaliyolowa. Sebuleni, pembeni ya kabati, palikuwa na boksi kubwa lililokatwa upande mmoja, na ndani yake mbwa mama, mwekundu wa kahawia, alijinyoosha kwa urefu wake wote huku watoto wake wakigombania matiti.

Mkunga aliwakalisha kwenye kochi akaanza kuwahoji kama wazazi wa mimba ya kwanza. Nyumba ina ngazi? Uzio una matundu? Nani anaamka mapema? Kuna mtu anayeacha dawa zake ovyo? Mama alijibu yote kwa unyenyekevu ambao Fundi hakuwahi kuuona kwake.

"Na huyu ni mwanao?" mkunga aliuliza, akimwonyesha Fundi kwa kidevu.

"Mkwe."

"Binti yuko wapi?"

"Hayupo."

"Poleni sana. Alifariki lini?"

"Hajafariki," alisema Mama. "Hayupo tu."

Mkunga aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ameingia nyumba nyingi katika maisha yake, na alijua vyumba ambavyo mgeni haingii. "Haya," alisema. "Nani atakayeshinda na mbwa?"

"Mimi," alisema Mama.

"Na nani atakayeinama? Maana huyu yuko chini sana, na wewe nyonga yako naiona."

"Mimi," alisema Fundi.

Mkunga akakichomoa kijibwa kwenye boksi. "Mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio. Hivi. Mlaze sawa kama sahani ya supu. Ukimnyanyua kwapani akaning'inia, mgongo ndio unaoumia. Aliyemshona huyu alikuwa na kitambaa kingi cha mgongo, akaishiwa alipofika kwenye miguu. Asiruke kutoka kwenye kochi. Asipande wala kushuka ngazi. Asinenepe. Mkimnenepesha nitakuja kumchukua."

Alimpa Fundi. Kilikuwa cha moto kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi, na tumbo lake lilikuwa na ngozi laini isiyo na manyoya. Fundi alikishika kama alivyoelekezwa. Alitambua uzito, alitambua joto, alitambua moyo mdogo ukienda mbio chini ya kidole. Alingoja kuona kama kuna zaidi. Kijibwa kikamng'ata dole gumba.

"Amekupenda," alisema Mama.

"Ana njaa," alisema mkunga, akakirudisha kwa mama yake. Kilikuwa bado kinanyonya. Waliambiwa warudi kikishazoea kula na kikishapata chanjo ya kwanza, na kwamba muda huo wautumie kuandaa nyumba.

Ndipo Mama alipofufuka, ikiwa kufufuka ni neno. Hakucheka wala hakuimba. Alitembea chumba hadi chumba na fimbo yake kama mkaguzi wa afya, akionyesha vitu kwa ncha.

"Waya huu."

"Nitaupandisha, mama."

"Sabuni hizi chini ya sinki."

"Nitaziweka juu."

"Na nyuma ya jiko je? Si uliweka sumu ya panya?"

Alikuwa ameiweka, tena amesahau. Alivuta jiko, akalala kifudifudi, akaiokota yote na kupiga deki mara mbili. Mapazia yaliyoburura yalifungwa mafundo. Tundu la uzio lililokuwa likipitisha paka wa jirani lilizibwa kwa wavu. Mama alikariri vyakula vya hatari kama mtoto anayejiandaa kwa mtihani: vitunguu, chokoleti, zabibu, mifupa ya kuku. Alivirudia wakati anamenya vitunguu. Fundi alileta sanduku la mbao, akalitandika blanketi kuukuu, akaliweka jikoni mahali pasipopita upepo. Alinunua mabakuli mawili, na mkanda wa kuvalishwa kifuani, kwa sababu mkunga alikataza kamba ya shingoni. Mkanda ulikuwa mdogo sana hata Redio aliuliza kama ni wa saa.

Tatizo kubwa lilikuwa ngazi za saruji kutoka mlango wa jikoni kwenda uani. Fundi alikwenda kwa seremala akanunua mbao za kutengenezea mteremko. Aliufanyia kazi jioni kadhaa, na kwa kuwa mikono yake ilijua aina moja tu ya kumaliza kazi, aliupiga msasa mzito, kisha mwepesi, kisha mwepesi zaidi, mpaka ukang'aa. Mama alikuja kuukagua. Aliweka ncha ya fimbo juu, akaiachia. Fimbo ikateleza mpaka uani.

"Baba," alisema Mama, "hapa hata mjusi atashuka kwa makalio."

Aliuvunja akaanza upya. Wa pili aliufanya mrefu zaidi, usiwe mkali, na juu yake akabandika vipande vya zulia kuukuu. Mama aliujaribu tena kwa fimbo, ikatulia. "Sasa hapa atapita," alisema, akaingia ndani.

Walibakiza viatu. Karibu na mlango wa mbele palikuwa na rafu, na kwenye ubao wa chini kabisa viatu vya mkewe vilikuwa bado vimepangwa kama alivyoviacha. Walisimama mbele yake wote wawili.

"Mbwa atavila," alisema Fundi.

"Labda avile," alisema Mama. Ulikuwa utani, lakini hakuna aliyecheka, na baada ya muda Mama akaenda chumbani kwake.

Fundi alileta boksi. Aliviokota jozi baada ya jozi, akivifuta vumbi kwa kiganja, na alipogeuza viatu vya kila siku vya mkewe aliona visigino vimelika upande wa ndani, vyote. Miaka yote ile hakujua kwamba mkewe anakanyaga hivyo. Angekuwa fundi wa viatu angelijua siku ya kwanza. Alikaa sakafuni na kiatu kimoja mkononi, akingoja kitu kije, hasira au machozi au hata aibu, na kilichokuja ni kwamba miguu yake ilianza kufa ganzi kwa kukaliwa. Akalifunga boksi kwa utepe wa gundi, akaliweka juu ya kabati.

Binti alikuwa na kawaida ya kumpigia mama yake simu siku ya Jumapili. Mama alipokea akiwa mezani, Fundi akiwa kwenye sinki anaosha vyombo. Maji yalikuwa yanatiririka, lakini simu ya Mama ilikuwa ya sauti kubwa, na yeye mwenyewe aliongea kama mtu anayeita ng'ambo ya barabara.

"Tupo. Tunangoja mbwa."

"Mbwa gani?"

"Mbwa. Mfupi."

"Mama, wewe si ulikuwa unafukuza hata kuku wa watu? Sikiliza. Nimeshakuandalia chumba huku. Nitakuja kukuchukua."

"Siwezi kusafiri sasa. Kuna mbwa."

"Si umesema hajafika?"

"Ndiyo maana."

Waliongea mengine, ya dawa na ya hali ya hewa, kisha Mama akaweka simu kifudifudi juu ya meza. Fundi aliendelea kusugua sufuria ambalo lilikuwa limetakata.

"Baba."

"Naam, mama."

"Mimi najua nyumba hii si ya kwangu. Niliingia kwa mlango wa binti yangu, na mlango huo umefungwa. Ukitaka niondoke, sema. Sitachukia. Mimi si mtu wa kungoja mpaka nifagiliwe pamoja na vumbi."

Maneno hayo alikuwa ameyabeba muda mrefu. Yalitoka yakiwa yamepangika. Fundi alifunga bomba. Aliona sasa, kwa uwazi mkavu, kama mtu anavyoona kosa kwenye plasta, mbwa alikuwa wa nini. Mtu anayemngoja mbwa ana sababu ya kuamka mahali hapo alipo. Aliliona hilo, na aliona pia kwamba iwapo Mama ataondoka, yeye jioni ataongea na sahani peke yake. Hakuna hata moja lililomuuma. Lilikuwa kweli tu, kama mvua ilivyo kweli unapoitazama kupitia dirishani.

"Mama ukiondoka," alisema, "nani atashinda na mbwa?"

Mama alifikiri. "Haya," alisema. Akachukua kitambaa, akaanza kukausha vyombo.

Walikileta kijibwa wiki iliyofuata kwa teksi. Mkunga alikifunga kwenye kitambaa alichokuwa amekitandika chini ya mbwa mama, ili kisipotelewe na harufu. Alipokikabidhi alijifanya kupekua mkoba wake kwa muda, kisha akafunga mlango bila kuaga vizuri. Mama alikipakata njia nzima. Kabla hawajafika, kilikuwa kimeshakojoa kupitia kitambaa mpaka kwenye gauni la kutokea, na Mama alimwambia dereva kwamba ni maji.

Nyumbani kilizunguka jikoni kikinusa kila mguu wa meza, tumbo karibu liguse sakafu. Kilipofika kwenye fimbo ya Mama kiliing'ata. Kisha kikalala palepale, mbele ya sinki, mwili umenyooka kutoka ukuta huu kuelekea ule.

"Kama benchi," alisema Mama.

Hivyo ndivyo alivyopata jina. Walijaribu mengine mawili matatu ya heshima zaidi, lakini hakuna lililomkaa.

Benchi alilia kwa siku za mwanzo. Haikuwa kelele kubwa. Ilikuwa sauti nyembamba, ya kuvuta, kama mlango unaohitaji mafuta. Alfajiri ya pili Fundi aliamka akashuka ngazi, akakohoa kwenye mlango wa jikoni kama kawaida yake. Hakujibiwa. Alipochungulia alimkuta Mama ameketi sakafuni, mgongo kwenye friji, miguu imenyooka, mkono mmoja ndani ya sanduku la mbao. Benchi alikuwa amelalia kiganja chake.

"Mama, umeanguka?"

"Sijaanguka. Alikuwa analia, nikasema nikae kidogo. Kumbe kukaa si kazi, baba. Kazi ni kuinuka."

Alikuwa amekaa hapo tangu giza, na hakutaka kumwita. Fundi alisimama bila kujua pa kuanzia. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumgusa mama mkwe wake zaidi ya kumpa mkono wa salamu.

"Usiogope," alisema Mama. "Mimi mgongo wangu ni wa kawaida."

Alipiga magoti, akapitisha mkono nyuma ya mabega yake na mwingine chini ya kiwiko, akamwinua polepole. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Mama alishika ukingo wa sinki akapumua, nywele zake za mvi zimetoka nje ya kilemba. Kisha akasema kwa sauti ile ile, "Na yeye mtoe nje, kabla hajakojoa."

Tangu siku hiyo waligawana. Wakati wa mchana Benchi alikuwa wa Mama, ambaye hakuweza kuinama, kwa hiyo alimfundisha kwa fimbo: kugonga mara moja ni njoo, kusugua sakafuni ni acha. Fundi alirudi mchana kusafisha magazeti na kumtoa uani kwa mteremko. Mwanzoni Benchi alisimama juu yake akitetemeka, hataki, mpaka Mama alipokwenda chini na kipande cha yai. Jioni alikuwa wa Fundi. Alitafuna mguu wa meza, kona ya zulia, na jino moja la plasta ambalo Fundi alilisahau mfukoni. Kwenye kochi hakuruhusiwa, na alilijua hilo, na kila siku alilitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyonyang'anywa.

Binti alikuja Jumapili moja bila kutoa taarifa. Alikuwa amekata nywele. Benchi alimpokea kwa kubweka, kisha akakojolea ncha ya kiatu chake kwa furaha. Walikaa sebuleni watatu, wakanywa chai, na kila mmoja alishika kikombe chake kwa mikono miwili. Binti alitazama mlango wa nyuma uliokuwa wazi.

"Ule mteremko nani ametengeneza?"

"Mimi," alisema Fundi.

"Hukuwahi kutundika hata rafu."

"Hapana."

"Na nilikuomba."

"Uliniomba," alisema Fundi. Ilikuwa kweli. Alitaka kuongeza neno, akalitafuta kwa uaminifu, akalikosa. Binti aligeuka kwa mama yake.

"Twende, Mama. Gari liko nje."

Mama alikuwa na Benchi mapajani. Alikuwa amewekewa hapo na Fundi. "Nitakuja kukutembelea," alisema. "Nikae siku chache, nirudi."

"Urudi wapi? Hapa ni kwa nani wako?"

Mama alipapasa sikio refu la mbwa, akalikunja, akalikunjua. "Mwanangu, wewe ni wangu popote ulipo. Lakini mimi sijaondoka. Aliyeondoka ni wewe."

Hakulisema kwa ukali. Binti aliinamisha kichwa. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, akamwomba Fundi viatu vyake. Fundi alilishusha boksi akalibeba mpaka kwenye gari. Waliagana kwa mkono. Mkono wa mwanamke ulikuwa baridi, au labda ni wa Fundi mwenyewe. Mama alibaki getini na binti yake, wakaongea, na aliporudi ndani macho yake yalikuwa mekundu. Alikaa mezani.

"Benchi amekula?" aliuliza.

"Bado, mama."

"Basi mpe. Kidogo."

Miezi imepita. Ukimuuliza Fundi kama ana furaha, atafikiri, kisha atakuambia hajui. Asubuhi nyingi bado anaamka mtupu. Redio bado anamuuliza kila Jumatatu, naye bado anajibu salama. Tofauti ni kwamba kazi ikiisha hakai tena kwenye stuli kuchonga nta isiyo ya mtu. Anavua aproni na kuondoka, kwa sababu kuna mwenye njaa nyumbani na mwingine aliyekaa mlangoni anasikiliza hatua.

Juzi walimpeleka Benchi kwa daktari wa mifugo kwa chanjo nyingine. Muuguzi aliuliza mbwa ni wa nani. Fundi alimtazama Mama, Mama alimtazama Fundi.

"Mimi ni wa mchana," alisema Mama. "Yeye ni wa jioni."

Muuguzi aliandika anavyojua mwenyewe. Daktari alipapasa mgongo wa Benchi pingili kwa pingili, akasema uko sawa, ila tumbo limeanza kuota, akauliza ni nani anayempa mayai. Hakuna aliyejibu.

Walirudi kwa miguu, polepole, kwa kuwa Mama alikuwa na fimbo yake na Benchi alikuwa na miguu ile ile aliyopewa. Walipofika karibu na duka la vifaa vya ujenzi, Fundi alianza kusema bila kuulizwa. Alisema kuna mzee mmoja aliyekuja kuchukua meno ya juu, akajitazama kwenye kioo, akayakataa. Yalikuwa mazuri, yamepangika, hayana kasoro.

"Alitaka nini?" aliuliza Mama.

"Mwanya. Anasema alikuwa nao tangu utoto, na mkewe hatamjua."

"Ukamwekea?"

"Ilibidi niyafungue upya. Nimemwekea."

Mama alitembea hatua kadhaa. "Mpana?"

"Wa wastani, mama."

Benchi alisimama kunusa nguzo, nao wakasimama kumngoja.